Robo Inchi Juu ya Ncha

Bonareri alikuwa amechuma chai miaka kumi na minne, na mikono yake ilikuwa imeizoea kazi hiyo kuliko kula. Majani mawili na chipukizi, kisha kikapuni. Tawi lolote lililochomoza juu ya mengine alilivunja papo hapo, maana nyapara alikuwa akilaza ufito juu ya michai kuhakikisha imelingana kama meza. Ole wake aliyeacha kitu kimesimama!

Lakini Jumamosi hiyo mchana mikono ile ile ilikuwa imemtia aibu. Alikuwa ameketi mbele ya cherehani katika ukumbi wa akina mama pale shambani, na machozi yalikuwa karibu.

Mume wake, Mosoti, alikuwa karani wa mizani. Alifariki mwaka wa 1967, akaacha shati mbili za kazi za rangi ya samawati. Miaka miwili ilikuwa imepita. Sasa binti yao, Nyatichi, alikuwa ameitwa shule ya upili ya bweni, mbali na nyumbani. Blanketi ya kijivu ilikuwa tayari ndani ya sanduku. Nyatichi aliomba kitu kimoja tu.

"Mama, shati za baba usipatie mtu," alisema. "Nitengenezee kitu ya kujifunika."

Kwa hiyo Bonareri aliamua kushona kifuniko cha blanketi kwa magunia ya unga yaliyofuliwa yakawa meupe. Katikati alitaka mistari miwili ya bata wanaoruka. Kila bata ni pembetatu kubwa ya samawati, na mabega yake mawili ni pembetatu ndogo nyeupe. Bata hupangwa wakifuatana, ncha zote zikitazama juu.

Shati ya kwanza ilikuwa imekwisha yote. Na bata wote walikuwa butu, kana kwamba mtu amewakata midomo.

"Chamgei, Mama Nyatichi," alisalimu Rebeccah kwa Kikalenjin. Huyu alikuwa mwalimu wa ushonaji, mwenyeji wa Litein, mwanamke mpole lakini macho yake hayakupitwa na uzi. "Mbona umenyamaza hivi?"

"Mwalimu, nimeharibu shati ya marehemu." Bonareri alimsukumia vile vipande. "Moja tu ndiyo imebaki. Shule inafunguliwa wiki ya tatu kutoka leo. Hata sijui nimekosea wapi."

Rebeccah hakucheka. Alivuta kiti, akachukua kipande kimoja ambacho hakijaungwa na kingine, akakigeuza mara mbili.

"Hapa juu ya ncha, kulikuwa na kitambaa kidogo imebaki?"

"Ndiyo. Ilikuwa imesimama juu. Nikaikata, nikasawazisha."

"Nani alikuambia ukate?"

"Hakuna mtu. Si ilikuwa imezidi?"

Hapo mwalimu alishindwa kujizuia, akacheka. "Mama, hii si meza ya chai! Hapa nyapara hayuko."

Bonareri naye alicheka, ingawa chozi moja lilimtoroka.

"Sasa angalia," alisema Rebeccah. "Ukiunga bata mmoja na mwingine, sindano inapita wapi?"

"Robo inchi kutoka pembeni."

"Na ncha umeiweka wapi?"

Bonareri alitazama. "Pembeni kabisa." Akapitisha kidole kwenye ncha. "Basi sindano inapita chini ya ncha. Mshono unaimeza."

"Umeona? Hiyo robo inchi si takataka. Ni chakula ya mshono. Ukimnyima, atakula bata."

Kisha mwalimu alimwonyesha kazi tangu mwanzo. Kwanza waliloweka shati ya pili katika uji mwepesi wa muhogo, wakaianika, wakaipiga pasi ya makaa ikawa ngumu kidogo.

"Upande uliokatwa mshazari unavutika," alisema Rebeccah. "Uji unaushika. Na wewe usiuvute. Acha mashine ibebe kitambaa yenyewe."

Walipima miraba ya inchi tano na nusu. Kila mraba waliukata kutoka pembe hadi pembe, mara mbili, wakapata bata wanne. Kwa mabega walikata miraba myeupe ya inchi tatu, kila mmoja nusu kwa nusu.

"Hiyo ni kubwa kidogo," Bonareri alisema.

"Ndiyo, makusudi. Ukishona, utapunguza hadi kipimo. Ukikata ndogo, utaongeza na nini?"

Mwalimu alibandika kipande cha plasta ya kidonda juu ya bamba la cherehani, robo inchi kutoka kwa sindano. Bonareri akafuata ukingo wa plasta kila aliposhona. Bega moja, pasi. Bega la pili, pasi. Pasi aliinyanyua na kuikandamiza, hakuiburuta. Mwisho alipima kila kipande kwa rula: urefu inchi nne na nusu, kimo mbili na nusu, na juu ya ncha robo inchi. Vidole vilimwasha kuikata. Akavizuia.

Wakati wa kuunga bata na bata, Rebeccah alimwambia aweke juu upande wenye mishono inayopishana. "Sindano ipite pale mishono inakutana, au uzi mmoja juu yake. Isishuke chini."

Bata wa kwanza alitoka na ncha kali. Bonareri alipiga kigelegele hadi majirani wakachungulia dirishani.

Jumamosi ya mwisho, kitambaa kilibaki kidogo. Mraba wa nane, wa mwisho, haukupatikana popote ila mahali pa mfuko wa kifua, penye doa la wino, pana kama mfuniko wa chupa ya soda. Bonareri alikuwa amelisugua kwa sabuni miaka mingi Mosoti akiwa hai, akimgombeza. Sasa hakuwa na la kufanya. Doa likaangukia katikati ya mraba, na ulipokatwa, bata wote wanne wakapata wino kwenye ncha.

Siku ya safari, Nyatichi alikunjua kifuniko kitandani. Bata thelathini na wawili, mistari miwili, ncha zote zimetimia. Alipitisha kidole juu yao mmoja mmoja. Alipofika mwisho, akasimama.

"Mama, hii nyeusi ni nini?"

"Nisamehe, mwanangu. Kitambaa iliisha. Ni kalamu ya baba yako, ilikuwa inavuja."

Nyatichi aliinama, akaweka shavu juu ya wale bata wanne.

Bonareri alisimama mlangoni, akimshukuru Mungu kwa robo inchi. Angaliikata, wino wote ungalimezwa na mshono.