Fungu la Tano

Jumatatu asubuhi, kabla hata hajatua mkoba, Mama Pacha aliyahesabu mafungu akapata matano. Ijumaa alikuwa ameyaacha manne.

Kazi yake ilikuwa kutunza kanzidata ya hospitali. Kumbukumbu za wagonjwa wote zilikaa mahali pamoja, kwenye kompyuta za kukodi zilizo mbali, zile ambazo watu wa fani huziita wingu, nazo zilikuwa zimejaa hadi daktari akifungua faili moja anaweza kunywa chai akamaliza halijafunguka. Kwa hiyo alizigawa. Namba ya mgonjwa ndiyo iliyoamua aende fungu gani: la kwanza, la pili, la tatu au la nne. Mambo yakawa mepesi, watu wakampongeza.

Sasa kulikuwa na la tano, lina watu kumi na wawili, na hakuna aliyelitengeneza.

Alilifuta, akawarudisha wale watu kwenye mafungu yao. Alipotoka kunywa maji akalikuta limerudi, lina thelathini. Ndipo aliposikia harufu ya udongo uliolowa, ofisi ya ghorofani, madirisha yote yamefungwa. Na katika vipokea sauti vya masikioni vilivyolala juu ya meza, mtu alikuwa akihesabu kwa kunong'ona, polepole, kama anayeonja.

Mwenzake waliyemwita Miwani akashauri wawapigie simu hao thelathini, pengine ni kosa la namba tu. Simu ya kwanza ilipokelewa na mama mmoja. Akasema hawana mtu wa jina hilo. Alisema kwa utulivu kabisa, bila haraka, na nyuma yake kijana wa kiume alikuwa akilia, "Mama, ni mimi. Niangalie basi."

Nyumba ya pili, mume hamjui mkewe. Ya tatu Miwani hakumaliza kusikiliza. Aliweka simu chini, akaisukuma mbali naye.

Mama Pacha akarudi kwenye orodha. Walishafika arobaini na mmoja, na wa mwisho alikuwa binti yake, yule mdogo wa pacha wake wa miaka sita.

Akampigia mumewe, akamwuliza yule mdogo anaendeleaje.

"Mdogo yupi?" mume akauliza. "Si tuna huyu mmoja tu?"

Sura ya mtoto ikaanza kumtoka kichwani taratibu, kama sura ya mtu mliyekaa naye safarini. Akachukua kalamu akaliandika jina kiganjani, akashuka ngazi mbiombio hadi kwa shangazi yake, aliyekaa nyuma tu ya hospitali. Shangazi huyo ndiye aliyetunza masjala ya makaratasi miaka thelathini, kabla ya kompyuta. Alisikiliza yote na hakucheka.

"Nilikuwa na rafu moja tupu," alisema kwa sauti ya chini. "Wenzangu walinidhihaki sana. Ilikuwa yake. Huyo alikuwepo kabla ya hospitali, mama. Mlipohamisha makaratasi mkamhamisha naye, na hakuna aliyefikiria atakaa wapi. Wewe ulipogawa, akajikatia fungu lake. Mgeni asiyepewa kiti hukalia cha mtu."

"Nifanye nini, shangazi?"

"Mpe fungu tupu, uandike kwamba ni lake, namba yoyote isiende huko. Kisha uwaite watu wako kwa majina, kwa sauti, usimruke hata mmoja. Akibaki na mmoja hutajua. Ndivyo anavyokula."

Wakarudi pamoja. Mama Pacha alitengeneza fungu tupu, akaanza kuita, na kadiri alivyoita ndivyo harufu ya udongo ilivyozidi hadi ikamkaa kooni, na ile sauti mezani ikawa inahesabu pamoja naye, jina kwa jina, mara ikimtangulia, mara ikimfuata, naye akaendelea kuita huku machozi yakimtiririka na orodha ikirefuka chini ya macho yake, hamsini, sitini, majina ya watoto na wazee na watu asiowajua, na mahali fulani katikati sauti ile ilisita, ikameza jina moja, ikaendelea, mpaka akabakiwa na jina lililo kiganjani mwake, akalitamka, na chumba kikanyamaza.

Orodha ilikuwa tupu. Miwani akaipigia tena simu ile nyumba ya kwanza. Mama yule alikuwa akicheka na kulia, na hakujua kwa nini. Mume naye akapiga, akilalamika kwamba pacha wanagombania mto, aje awaamue. Shangazi akamshika mkono muda mrefu.

Jioni familia ilikuwa mezani, wanne, wakila na kutaniana, mlango ulipofunguliwa kwa ufunguo kutoka nje. Akaingia binti wa miaka kumi na mitatu hivi, ndani ya sare ya shule, begi zito mgongoni. Akavua viatu, akavipanga pembeni bila kutazama, kama mtu anayejua nafasi yake ilipo. Akaomba radhi kwa kuchelewa, akauliza kama wamemwachia chakula.

Pacha wakamkodolea macho. Mume akamgeukia mkewe.

Mama Pacha akainuka, akamtabasamia kama mtu anavyomtabasamia mtoto wa jirani aliyekosea mlango.

"Mwanangu," akamwambia kwa upole, "unamtafuta nani?"