Nilidhani Ni Baba Mkwe

Wasomaji wenzangu, naitwa Felista, nina umri wa miaka ishirini na saba, Mfipa wa Mpui, mama wa mtoto mmoja wa kike. Niliolewa Sumbawanga mjini, nikarudi kijijini na mtoto mgongoni, na huku ndiko ninakolima maharage na ulezi mpaka leo. Wapo wanaosema nina kiburi. Wapo wanaosema nimeharibika akili, kwa sababu nikisikia makofi nje ya mlango ninaacha hata chungu kikiungua na kukimbia kufungua. Waache waseme! Hawajui nilichowahi kukisikia nikapita zangu.

Sisi Wafipa tukimwamkia mtu wa heshima tunapiga magoti na kupiga makofi taratibu, viganja vimekunjwa kidogo ili sauti iwe nzito. Ndiyo salamu yetu, ndiyo shukrani yetu, ndiyo hodi yetu. Mama yangu alinifundisha kabla sijajua kuongea vizuri. Tafadhali likumbukeni hilo, maana ndilo linaloniliza.

Mume wangu aliitwa Asajile, mtu wa Tukuyu. Alikuja Sumbawanga kama karani, akaacha kazi, akajenga nyumba ya kulala wageni pale Majengo. Watu walimshangaa! Nchi nzima inahimizwa kulima pamoja, yeye anajenga vyumba vya kupangisha. Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa akimtania kwa kumwita bepari mdogo. Asajile alicheka tu. Kinywani mwake kulikuwa na neno moja asubuhi hadi jioni... watalii.

Kule chini kuelekea Kasanga kuna maporomoko ya Kalambo. Walimu wa kizungu, mapadri wageni na wataalamu wa miradi walikuwa wakienda kuyatazama, na njiani wanalala kwetu. Mimi sikuelewa kabisa. Mtu asafiri siku nzima kwenye vumbi kwenda kutazama maji yanaanguka, wakati sisi tunayatafuta kwa ndoo kichwani! Lakini walikuja, na waliondoka wamefurahi. Asajile alipaka nyumba chokaa, akaandika ubaoni KARIBU WATALII, akanunua shuka nyeupe ambazo mimi mwenyewe sikuruhusiwa kuzilalia. Mimi nilioka mikate ndani ya debe.

Siku moja akarudi kutoka mjini ananikumbatia mbele za watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Ofisa mmoja alikuwa amemwahidi kwamba watalii kutoka Dar es Salaam wataletwa kulala kwetu, ila wakaguzi waje kwanza kuiona nyumba. Tangu siku hiyo mume wangu alikuwa akipitisha kidole kwenye madirisha kutafuta vumbi.

Badala ya wakaguzi, kikaja kipindupindu!

Kilipanda kutoka ziwani, kule Kasanga. Mara tukasikia kizuizi kimewekwa Matai, kwenye njia ya kutoka Kasanga, mgambo hawaruhusu mtu kutoka wala kuingia. Mabasi ya upande wa ziwa yakasimama. Migebuka, wale samaki wa ziwani, marufuku sokoni. Vilabu vya pombe vikafungwa. Upande wa Mbeya yalipita malori machache tu, na nani angekuja kutembea mahali penye kifo? Vyumba vyetu vikawa vitupu. Nilikuwa natandika vitanda ambavyo hakuna aliyevilalia, kwa sababu Asajile alitaka hivyo.

Kisha balozi akapita mlango kwa mlango. Nyumba itakayokutwa na mgonjwa itafungwa, magodoro yatachomwa moto. Nilimwona mume wangu akiegemea ukuta.

Mimi nilikuwa na hofu yangu nyingine. Mama, mjane na mimi ndiye mwanawe wa pekee, alikuwa ameteremka Kasanga kwa dada yake kabla ya kizuizi. Nami nilikuwa na mimba kubwa, ya kwanza. Alikuwa ameniahidi kwamba lazima atarudi kabla sijajifungua. "Sitakuacha uzalie mikononi mwa watu wanaowakimbia wakwe zao," aliniambia akicheka.

Alikuwa anaitania mila ya kwao Asajile. Nilipoolewa, shangazi zake waliniweka chini wakanifundisha. Kwao mke wa mtoto haonani na baba mkwe. Hamtazami usoni, hakai naye chumba kimoja, halitaji jina lake. Mkikutana njiani, unajitosa migombani! Kwetu tunapiga magoti na makofi, kwao wanatimua mbio. Mama alipoelezwa alicheka mpaka machozi. Lakini mimi niliishika mila ile kwa moyo wote, maana nilitaka nipendwe. Baba mkwe wangu nilikuwa nimeuona mgongo wa koti lake tu, siku ya harusi.

Basi siku hiyo nilikuwa nimepanga foleni ya sabuni duka la ushirika tangu asubuhi, na tumbo langu mbele. Niliporudi nikamkuta Asajile amesimama katikati ya mlango wa uani, mikono kashika miimo yote miwili. Akanong'ona kwamba baba yake amefika na lori kutoka Tukuyu. Yumo chumba cha mwisho. Ana homa ya safari, atamhudumia yeye mwenyewe.

Nikavuta khanga nikajifunika kichwa, nikazunguka kwa nyuma ya nyumba. Sikuuliza neno! Ni mke gani wa mtoto anayeuliza habari za baba mkwe?

Lakini macho sikuwa nimeyafunga. Mume wangu, ambaye tangu tuoane hakuwahi kugusa ndoo, sasa alikuwa akitoka na ndoo na kuingia na majivu. Mlango anaufunga kila anapotoka. Uji niliopika ukarudi kama ulivyokwenda. Shuka zikafukiwa nyuma ya choo... zile nyeupe, zile za watalii! Hiyo ni homa gani?

Mchana wa siku hiyohiyo nilipita karibu na chumba kile kuanua nguo. Nikasikia makofi. Pa... pa... pa... Polepole, halafu kimya. Halafu tena. Nikasema moyoni, maskini mzee, nzi wanamsumbua. Nikaweka bakuli la uji kizingitini nikiwa nimegeuza uso pembeni, nikaondoka haraka nisije nikamkosea adabu.

Jioni yakasikika tena, safari hii dhaifu zaidi.

Nilimvaa Asajile jikoni. Nikamwambia wazi kwamba baba yake ana kipindupindu na lazima apelekwe hospitali. Akaniziba mdomo kwa kiganja. Kiganja kilikuwa kinanuka dawa ya chooni. Akasema je, nataka wamchomee nyumba? Wakaguzi watakuja barabara ikifunguliwa tu, watakuta nini, majivu? "Ni baba yangu mimi," akasema, "uchungu wake ni wangu. Wewe tulia." Halafu akalia, wasomaji wenzangu. Mwanaume mzima akakaa juu ya gunia la mkaa akalia. Nami mjinga nikambembeleza!

Sikupata raha. Nimpeleke baba mkwe serikalini, mimi ambaye siruhusiwi hata kumtazama? Ukoo mzima wa Tukuyu ungesema nini? Na kama akifia humu, mtoto wangu atazaliwa katika nyumba ya namna gani? Nikawa naenda mpaka getini, narudi. Naenda, narudi...

Kesho yake asubuhi nilitega sikio. Makofi hayakuwepo. Nikangoja. Hakuna. Ukimya ule ulinitisha kuliko kitu chochote. Nikatoka bila viatu mpaka kwa balozi, na balozi akanipeleka kwa Bwana Afya.

Walikuja na machela, Bwana Afya na bomba lake la dawa mgongoni, na mgambo wawili. Asajile akajibandika mlangoni, akawaambia hakuna mgonjwa, mke wangu ana mimba inamchanganya. Wakamsukuma pembeni.

Na mimi? Nilifanya nilivyofundishwa. Niligeukia ukuta wa ua, nikajifunika khanga kichwa kizima, paji la uso nikaligandamiza kwenye tofali. Nikasikia mlango ukifunguliwa. Nikasikia mtu anakohoa kwa harufu. Nikasikia miguu, na machela ikapita nyuma yangu, karibu kabisa, mpini wake ukanigusa khanga. Sikugeuka. Nilibana hata pumzi, kwa heshima.

Bwana Afya akauliza, "Dada, huyu bibi ni nani wako?"

"Ni mzee, baba mkwe wangu," nikajibu nikiwa bado nimeutazama ukuta.

Wakaitua machela chini. Kisha akasema kwa upole, "Dada, hebu geuka. Huyu ni mwanamke."

Niligeuka.

Mama yangu! Macho yamezama, mashavu yameingia ndani, vidole vimekunjamana utadhani vimekaa siku nzima kwenye maji ya kufulia. Midomo ilitingishika lakini haikutoa sauti. Bwana Afya aliniambia baadaye kwamba ugonjwa ule ukikausha maji mwilini unakausha na sauti. Mtu anataka kuita, hawezi. Mama alikuwa amebakiwa na viganja tu. Aliniita kwa namna aliyonifundisha mwenyewe, siku nzima, na mimi nje naanua nguo!

Mengine niliyajua tulipowekwa karantini. Mama alikwepa kizuizi, akapanda mlima kwa njia za miguu, kichwani ana furushi la nguo za mtoto. Alianza kuumwa njiani. Alipofika, mimi niko foleni ya sabuni. Asajile akampokea, akamlaza, akatazama ubao wake wa KARIBU WATALII... akajua kwamba mimi sitakaa kimya. Ndipo akamkumbuka baba yake. Kufuli lingeweza kuvunjwa. Lakini alijua kwamba mlango wenye baba mkwe ndani, Felista hataugusa.

Nilimuuliza kwa nini. Akanijibu bila kunitazama, "Ningekwambia ungepiga yowe, mtaa mzima ungejua."

Ni kweli. Ningepiga yowe! Na yowe hilo ndilo lingemponya mama yangu. Katika darasa la shule lililogeuzwa kambi ya wagonjwa, niliwaona kwa macho yangu watu walioletwa mapema, wakawekewa maji ya mshipani, wakaamka wakaomba ugali. Mama aliwekewa pia. Alikuwa amechelewa. Alifariki kabla jua halijazama, na mimi niko nje ya kamba iliyozungushiwa kambi, sikuruhusiwa kumshika.

Alizikwa na mgambo, kwa chokaa, bila kuoshwa na mikono ya ndugu, bila matanga. Nilipiga magoti kwenye vumbi nje ya kamba na tumbo langu, nikakunja viganja, nikapiga makofi. Nilipiga mpaka muuguzi akaja kuniinua. Nani angeitikia?

Nyumba ilifungwa. Magodoro yalichomwa barabarani, watu wakitazama kwa mbali. Barabara ilipofunguliwa, wakaguzi hawakuja. Watalii hawakuja. Ubao ule nilisikia mtu aliutoa akaenda kuzibia banda la kuku.

Nilijifungulia Mpui, kwa mjomba. Asajile alituma watu kuomba msamaha, nikawarudisha na maji ya kunywa tu. Kisha siku moja, mtoto akiwa ameanza kukaa, nikaona koti jeusi linakuja kwa miguu kutoka barabarani. Koti lile nililijua! Nikamnyakua mtoto nikakimbilia nyuma ya ghala la ulezi, nikajifunika khanga. Hata baada ya yote yale, miguu yangu ilikuwa bado na adabu.

Nikamsikia mjomba anamkaribisha. Halafu nikasikia sauti ya mzee, iko upande wa pili wa ghala, imesimama hapo hapo.

"Mwanangu," akasema, "mwanangu wa kumzaa amelifanya jina langu komeo la mlango. Mila hii tuliiweka iwe heshima, haikuwekwa iue mtu. Toka unitazame. Unijue sura, ili mtu yeyote asikudanganye tena kwamba mimi nimo ndani."

Nikatoka. Nikamtazama baba mkwe wangu usoni kwa mara ya kwanza, mzee mfupi mwenye kovu kidevuni, machozi yanamtiririka. Yeye, mtu wa Tukuyu, akapiga magoti mbele yangu kwa shida, akakunja viganja vyake vibaya vibaya kama mtu asiyezoea, akapiga makofi. Alikuwa amefundishwa njiani, kwa ajili ya mama yangu.

Nami nikaitikia.

Wasomaji wenzangu, hasa nyinyi dada mnaoolewa mbali na kwenu, shikeni mila za waume zenu, sikatazi. Wapeni wakwe heshima yao. Lakini mkisikia mtu anateseka nyuma ya mlango, na mkaambiwa huyo si wa kuonwa na nyinyi, msiishie kuweka uji kizingitini kama mimi. Na nyinyi waume mnaoficha mgonjwa ili nyumba isipate jina baya, nyumba yetu hiyo leo haina hata bati. Binti yangu nimempa jina la bibi yake. Nimeshamfundisha makofi, na nimemwambia akiyasikia popote, afungue kwanza, aulize ni nani baadaye.