Anania na Upepo wa Sao Hill

Mwezi wa Julai watu wa Mbeya husalimiana mikono ikiwa kwapani. Asubuhi moshi hutoka katika kila jiko, na hakuna anayependa kuwa wa kwanza kugusa maji. Ndivyo ilivyokuwa mwaka wa 1956, siku Anania na mkewe Tusajigwe walipojiandaa kwenda Iringa.

Anania alikuwa fundi cherehani. Alikuwa na pikipiki, na pikipiki hiyo ilikuwa fahari ya mtaa mzima. Ilipowaka, kuku walikimbia na majirani walitoka nje kuitazama, ingawa walikuwa wameiona jana na juzi. Hata Tusajigwe hakuizoea. Chuma kinachokunywa mafuta na kumpeleka mtu Tukuyu na kumrudisha kabla ya chakula cha jioni! Kila alipopanda nyuma alimwomba Mungu, kisha akaushika mkanda wa mumewe kwa nguvu.

Mdogo wake Tusajigwe, jina lake Marta, alikuwa anaolewa Iringa siku ya Jumamosi. Mtoto wao Yotamu alibaki kwa bibi yake. Alhamisi alfajiri baba mzazi wa Anania alikuja na koti lake kubwa la sufu.

"Vaa hili," alimwambia mwanawe. "Huko mbele kuna baridi mbaya."

Tusajigwe aliyasikia hayo akiwa amejificha nyuma ya nyumba. Kwao Wanyakyusa, mkamwana hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake, wala hagusi nguo yake. Walikuwa Wakristo, na kila Jumapili waliimba katika kanisa moja. Lakini mwiko huo hawakuuacha.

Waliondoka kwa baridi. Jua lilipopanda, waliteremka mpaka tambarare ya Usangu, na huko mambo yaligeuka. Vumbi lilikuwa jekundu na jua lilichoma. Jasho lilimtiririka Anania ndani ya lile koti.

"Livue, baba Yotamu," alisema Tusajigwe walipofika Chimala.

"Nitaliweka wapi? Mzigo umejaa. Utalishika wewe?"

Tusajigwe aligeuza uso haraka. "Mwe! Nguo ya baba? Siwezi."

"Basi nitalivaa," alisema Anania, na wote wawili wakacheka.

Hawakujua kwamba wanacheka na hatari. Saa nzima Anania alitoka jasho. Shati lake lililowa, na koti likalowa kwa ndani. Baada ya Igawa njia ilianza kupanda tena. Walipofika Makambako jua lilikuwa limeanza kupungua nguvu, na upepo ulikuwa unavuma.

"Tupumzike kidogo, ukauke," alisema Tusajigwe.

"Tutachelewa. Mwanamume gani anasimamishwa na upepo?"

Ndugu msomaji, Anania hakuwa mjinga. Alikuwa mbishi tu, na ugonjwa huo tunao wengi.

Mbele ya Makambako kulikuwa na nyasi tupu, kilima baada ya kilima, na mbingu kubwa mno juu yake. Tusajigwe alijiona mdogo sana. Hakuona baridi kali, maana kichwa chake kilikuwa nyuma ya mgongo wa mumewe. Kwa mikono yake alimsikia Anania akitetemeka. Alitetemeka kwa muda mrefu. Walipokaribia Sao Hill, aliacha.

"Afadhali, amepata joto," Tusajigwe alifikiri.

Lakini pikipiki ilianza kuyumba. Ilikwenda kushoto, ikaenda kulia.

"Baba Yotamu! Iringa bado mbali?"

Anania alijibu polepole, kwa ulimi mzito. "Shona mkono kwanza. Kola baadaye."

Tusajigwe aliingiwa na hofu. Mumewe hakuwa amekunywa pombe hata tone. "Simama!" alipiga kelele. "Anania, simama!" Hakuwa amewahi kumwita kwa jina lake. Pikipiki ilitoka barabarani, ikaingia kwenye nyasi na kuanguka taratibu. Hawakuumia. Lakini vidole vya Anania vilikuwa vimeshika usukani na havikufunguka.

Kwa bahati kulikuwa na kambi ya watengeneza barabara hapo karibu. Watu walikuja mbio. Mnyapara wao alikuwa Mhehe mmoja, jina lake Liberatus. Wakati wa vita alikuwa askari, na kazi yake ilikuwa kupeleka barua kwa pikipiki katika milima ya Uhabeshi. Alimtazama Anania mara moja tu, akajua.

"Mpelekeni ndani. Polepole, msimtupe kama gunia."

"Tumpe pombe ichemshe damu!" alisema mfanyakazi mmoja.

"Hapana! Pombe itamdanganya. Ataona joto kwenye ngozi, kumbe joto la ndani linatoka nje. Hapo ndipo atakufa."

Walimlaza kwenye kibanda. Liberatus aliwatuma wengine kuni, naye akakimbilia blanketi kwa mkewe. "Mama, mvue nguo zote zilizolowa," alisema akitoka. "Anza na koti."

Aliporudi, Tusajigwe alikuwa amepiga magoti kando ya mumewe, mikono hewani. Machozi yalimtoka.

"Bado?"

"Ni koti la baba mkwe. Kwetu siwezi kuligusa. Watasema nini nyumbani?"

Liberatus hakucheka. Wahehe nao wana heshima zao kwa wakwe. Alichuchumaa na kusema kwa upole, "Mama, mimi nitamkatia kamba za viatu hivi, vimebana. Mikono iliyobaki ni yako. Koti limelowa, linamnyonya joto. Baba mkwe wako alilitoa ili mwanawe aishi. Sasa linamuua. Livue."

Tusajigwe alifunga macho. Kisha akayafumbua, akafungua kifungo cha kwanza, cha pili, mpaka cha mwisho.

Walimvisha Anania nguo kavu na kumfunika blanketi mbili, hata kichwani. Evarista, mke wa Liberatus, alileta uji wa moto wenye sukari nyingi.

"Usimpe bado," alisema Liberatus. "Mpaka aweze kusema na kumeza vizuri. Asije akapaliwa."

Tusajigwe alitaka kuisugua mikono ya mumewe mbele ya moto. Liberatus alimzuia. "Ngozi iliyokufa ganzi haisikii moto. Ataungua na hatajua. Wala usisugue. Ifunike tu."

Walingoja. Kisha blanketi zilianza kutikisika. Anania alitetemeka mpaka meno yakagongana.

"Amezidiwa!" Tusajigwe alilia.

"Amepona!" alisema Liberatus, na uso wake ukang'aa. "Kutetemeka ndiyo kazi ya mwili. Unajipikia joto wenyewe, bila kuni. Ukiona mtu aliyepigwa na baridi ameacha kutetemeka na anasema ovyo, hapo ndipo uogope."

Tusajigwe alishika kifua chake kwa mshangao. Miaka yote ameishi ndani ya mwili, na hakujua kwamba una akili namna hii.

"Lakini mimi nilikuwa palepale," aliuliza. "Mbona sikupata baridi?"

"Ulikuwa na ukuta, mama. Upepo wote aliupokea huyu."

Tusajigwe alimtazama mumewe, aliyekuwa anakunywa uji sasa, akamvutia blanketi mabegani.

Asubuhi walipofungua mlango, nchi yote ilikuwa nyeupe. Sakitu, umande ulioganda kwa baridi, ilifunika nyasi mpaka macho yalipoishia, na jua lilipoigusa ikawaka.

"Ni nzuri hivi," Anania alinong'ona, "na jana ilitaka kuniua."

"Ngojeni iyeyuke," alisema Liberatus. "Barabara yenye barafu inaangusha pikipiki. Na leo mtasafiri kama watu wanaojua."

Aliwaonyesha. Anania alivaa mashati mawili makavu badala ya moja. Katikati ya mashati Liberatus aliweka magazeti ya zamani, kifuani na tumboni, maana karatasi huzuia upepo. Juu yake alivaa lile koti, lililokuwa limekauka motoni usiku, na suruali ilifungwa kamba miguuni. "Kwenye joto," alisema, "vua kabla ya kutoka jasho, unywe maji, ukae kivulini. Shati likilowa, badilisha kabla ya kupanda mlima. Na kila saa simama, hata kama hujachoka."

Mikono ilibaki bila kinga. Anania aliomba sindano na kipande cha blanketi kuukuu. Tusajigwe alivitazama vile vidole kwa hofu. Vilitembea polepole mwanzoni, kisha upesi kama siku zote, na kabla ya jua kuwa kali mifuko miwili ya mikono ilikuwa tayari.

"Ndaga fijo," alimwambia Liberatus. Ahsante sana.

Walifika Iringa mchana. Jumamosi walicheza harusini. Walipokuwa wanarudi, Anania alisimama mara tano, bila kuambiwa. Huko Usangu alivua koti mapema.

"Nitaliweka wapi?" aliuliza.

"Lete," alisema Tusajigwe. Alilipakata mpaka Chimala.

Nyumbani Mbeya alimweleza mama mkwe wake kila kitu, hata vifungo vya koti alivyofungua. Siku mbili hakulala vizuri. Siku ya tatu alikuwa jikoni, akasikia baba mkwe amesimama upande wa pili wa ukuta. Mzee alikohoa. Katika miaka sita ya ndoa, hakuwa amewahi kusema naye.

"Mama Yotamu," alisema mzee. "Nimesikia ulichofanya. Nilikuwa na mtoto mmoja tu, na umemrudisha."

Tusajigwe aliacha mwiko kwenye chungu, akapiga magoti palepale, akiutazama ukuta.