Hatua Tano Nyuma Yangu

"Fundi, simama hapo hapo. Kwa nini kila siku unatembea nyuma yangu?"

Tulikuwa kwenye mzunguko wa pili wa uwanja, jua ndio kwanza linatoka. Mwili wangu una kilo mia na nane. Jasho limejaa chini ya matiti, magoti yanalalamika, mapaja yamesuguana mpaka yanawaka kama yamepakwa pilipili. Na huyu fundi cherehani, mwembamba kama sindano zake, aliyeniposa mbele ya mama yangu, yuko hatua tano nyuma.

"Nakuangalia tu, Nesi."

"Unaona aibu kuonekana na mimi."

"Nani kasema?"

Simu yake nilikuwa nimeishika mimi, ndiyo inayotuhesabia hatua. Ukaingia ujumbe kutoka kwa dada yake, muuza vitambaa:

"Paja sentimita sabini na nane? Kaka, nimecheka hadi machozi. Hilo ni paja au nguzo?"

Nikamsomea kwa sauti, neno kwa neno. Akafunika uso.

"Kumbe vipimo vyangu ndio kichekesho cha kwenu."

"Nesi, ngoja nikueleze."

"Mwambie dada yako nguzo imeondoka. Na posa imeondoka nayo."

Nikamrushia simu. Nilitaka niondoke haraka na kwa heshima, lakini kwa mapaja yale vyote viwili haviwezekani. Niliondoka miguu imetanuka kama bata.

Siku mbili sikupokea simu yake. Ya tatu, saa kumi na mbili asubuhi, mlango ukagongwa.

"Sitaki maelezo, Fundi."

"Sijaleta maelezo. Nimeleta bukta."

Nyeusi, laini, ndefu hadi juu kidogo ya magoti. Nikaigeuza ndani nje. Katikati ya mapaja hapakuwa na mshono hata mmoja. Mishono yote alikuwa ameihamishia mbele na nyuma.

"Nilikaa nyuma nione nguo inapandia wapi na inakusugua wapi. Mzunguko wa pili, mguu wa kulia, kila siku."

"Si ungeuliza?"

"Nikuulize kama mapaja yanachoma? Ungenipiga na kiatu."

Kweli, ningempiga.

"Na dada yako?"

Akanipa simu. Chini ya ule ujumbe kulikuwa na mwingine, ulioingia nikiwa nimeshaondoka:

"Nakutania. Nimekuwekea kile kitambaa laini, mita mbili. Langu sabini na tano, ukimaliza ya wifi unishonee na mimi."

Nikaingia chumbani kuivaa kabla hajaniona nikicheka.

Mzunguko wa pili, hakuna moto. Wa tatu. Wa nne, ambao sijawahi kuufikia tangu nianze mazoezi. Pumzi inakata, magoti bado yananidai, ila mapaja kimya kabisa. Nilitamani kuimba.

"Nesi, punguza mwendo. Mbavu zangu."

"Bado unafanya nini huko nyuma? Kazi si imeisha?"

"Imeisha. Sasa nimechoka kweli."

Nikasimama, nikamnyooshea mkono.

"Njoo hapa pembeni yangu. Na mwambie dada yako atafute kitambaa cha gauni la harusi. Vipimo anavyo."