Kadii Atafuta Kanisa

Kadii huuza mahamri na mbaazi za nazi mtaani Muyeye, Malindi. Siku za kazi huamka alfajiri, akawasha jiko na kukata mahamri. Ikifika saa tatu, sufuria ya mbaazi huwa tupu. Jumapili hapiki. Zamani Jumapili ilikuwa siku ya kanisa. Kisha, kwa miaka sita, ikawa siku ya kufua.

Akifua, alikumbuka Tezo, alikozaliwa. Kanisa lao lilikuwa la udongo na makuti. Mama yake, Sidi, alivaa leso mpya, wakapita katikati ya mihogo wakiwa wameshikana mikono. Kanisani wanawake walipiga kayamba. Kila mtu alijua jina la kila mtoto. Ibada ikiisha, walikaa uwanjani wakala mihogo ya nazi, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kurudi nyumbani.

Kadii aliacha kanisa baada ya kifo cha mumewe, Kambi. Kambi alikuwa mwashi. Aliugua kisukari, akawa anajidunga sindano kila siku. Wakati huo walisali katika kanisa dogo la mhubiri mmoja. Mhubiri huyo alisema kwamba mwenye imani hahitaji sindano. Kambi akaziacha. Kadii alitaka kumkataza, lakini aliogopa kuonekana hana imani. Akanyamaza. Baada ya siku chache Kambi alizidiwa, akafa kabla ya kufika hospitali. Mhubiri akasema Kambi alikuwa na shaka moyoni.

Tangu hapo Kadii hakuomba tena. Alisema moyoni kwamba huko juu hakuna anayesikia.

Mwaka huu alianza kusumbuliwa na kiu. Alikunywa maji, na kiu haikwisha. Alikojoa mara nyingi, akakonda. Jirani yake, Jedida, ni mhudumu wa afya ya jamii. Alimwambia kwamba hizo ni dalili za kisukari, wakaenda pamoja zahanati kupimwa.

Walikaa kwenye benchi wakisubiri majibu. Mara Kadii akashtuka. Alikuwa akiomba, taratibu, kwa Kigiriama, kwa maneno aliyofundishwa na mama yake. Hakujua alianza saa ngapi. Majibu yalipotoka, ilikuwa kisukari kweli. Kadii alilia, lakini hakuacha kuomba.

Siku chache baadaye alimwambia Jedida, "Nataka kurudi kanisani. Lakini naogopa."

Kwanza alikwenda Tezo. Kanisa sasa lina kuta za mawe na paa la bati. Wazee aliowajua wamefariki, na mama yake pia. Watu walimpokea vizuri, wakaimba vizuri. Lakini kila wimbo ulipoanza, Kadii alijikuta akitafuta sauti ya Sidi. Aliporudi Muyeye, alimwambia Jedida kwamba kanisa analolitaka halipo tena.

"Lile la mama yako limekwisha," Jedida akamjibu. "Lakini wewe bado uko. Tafuta pa kusali leo."

Kisha akamweleza namna ya kutafuta. Asijiunge siku ya kwanza. Akae, asikilize, arudi tena. Aangalie watu wanavyotendeana. Aulize maswali bila kuona haya, kwa sababu mchungaji mwema hakasiriki akiulizwa.

"Na uliza habari ya dawa," Jedida alisema. "Mtu akikwambia uache dawa, toka, usirudi. Kuomba na kumeza dawa havigombani."

Jumapili iliyofuata Kadii aliingia kanisa moja karibu na soko. Nyimbo zilimpendeza sana. Baada ya ibada alimwuliza kiongozi mmoja kama washirika wanaweza kumwuliza mhubiri maswali. Akajibiwa kwamba mtumishi wa Mungu haulizwi. Kadii akashukuru, akaenda zake.

Kanisa la pili lilikutana katika darasa la chekechea. Watu hawakuzidi arobaini, wengi wao wa kutoka bara. Hapakuwa na kayamba. Viti vilikuwa vya watoto, na Kadii alikaa magoti yakiwa karibu na kidevu. Hata hivyo alirudi Jumapili ya pili, na ya tatu. Siku hiyo alimfuata mchungaji, mama mmoja aitwaye Phoebe.

"Mchungaji, mtu wa hapa akiugua, mnamwambia nini?"

"Tunamwombea, kisha tunampeleka hospitali," Phoebe akasema. "Mimi mwenyewe nameza dawa za presha. Kwa nini waniuliza, dada?"

Kadii akamsimulia habari ya Kambi, yote, hata pale aliponyamaza. Phoebe hakumkatiza.

"Kambi hakukosa imani," Phoebe akasema. "Alidanganywa. Na wewe pia ulidanganywa."

Hakuna aliyewahi kumwambia Kadii hivyo. Aliinamisha kichwa, akalia mpaka darasa likabaki tupu. Phoebe alikuwa bado amekaa kando yake.

Kadii aliendelea kwenda. Alimeza vidonge vyake kila siku, akapunguza sukari kwenye chai, akahudhuria kliniki. Jumapili moja aliamka na kizunguzungu, akashindwa kwenda kanisani. Mchana Phoebe alifika na wanawake wawili. Walimwuliza kama amekula na kama amemeza dawa. Wakamwombea kwa maneno machache, wakamchukua mpaka hospitali. Daktari akampima, akambadilishia dawa. Baada ya wiki moja alikuwa na nguvu tena.

Ndipo Kadii alipoomba kuwa mshirika. Phoebe alimsimamisha mbele ya watu, akamwuliza kama ana neno la kusema. Kadii hakuzoea kusema mbele za watu. Alieleza tu kwamba alipougua walimjia, wakamwombea, wakampeleka kwa daktari.

"Kwa hiyo nitakaa hapa," akasema, akaketi.