Jembe Nambari Kumi na Saba

Saa moja asubuhi dari ya chumba nambari tisa iliwaka taratibu, kisha sauti tulivu ikauliza kwa Kiswahili fasaha: "Leo mngependa mwanga wa siku gani?"

Dari ile iliitwa dari-mwanga. Ilijengwa kwa vigae vyembamba vya kioo vilivyokuwa vikinasa mwanga wa kila siku tangu jumba lile la sanaa lilipofunguliwa, miaka thelathini na miwili iliyopita, na kuuhifadhi kama maji kwenye tangi. Mgeni akitaja tarehe, chumba kizima kinajaa siku ile: mawingu yake, manyunyu yake, hata ndege aliyekatiza saa nne na robo. Watu walitoka pande zote za dunia kuja kulala chini ya dari hiyo katika kisiwa kidogo cha Minose, kwenye bahari ya ndani ya Japani, ambako hoteli na jumba la sanaa ni kitu kimoja. Unalala ndani ya maonyesho, na maonyesho ndiyo yanayokuamsha.

"Wa leo," akajibu Bi Perusi kutoka kitanda cha dirishani. "Kwani wa leo una kasoro gani?"

Ombi hilo dari haikulizoea. Kisha vigae vikawa wazi kabisa, likaonekana anga la asubuhi ile ile, la kijivu, na mwewe mmoja akizunguka.

Bi Perusi alikuwa mkulima wa viazi vitamu wa kisiwa cha Irimbo, ndani ya Ziwa Victoria, mwenye umri wa miaka sabini na mmoja. Barua ya mwaliko ilimruhusu binti yake, Mhandisi Nyangeta Magesa, kuja na mtu mmoja. Kazini walidhani atakuja na mumewe. Alikuja na mama, kwa kuwa uamuzi uliomleta ulimhusu mama kuliko mtu mwingine yeyote.

Uamuzi wenyewe ulikuwa huu. Mkoa ulitaka kujenga Irimbo jumba la sanaa na hoteli kama ya Minose, na Nyangeta ndiye aliyepewa kusimamia. Mkataba ulikuwa mezani, na mwisho wa kutia sahihi ulikuwa saa sita mchana wa siku hiyo. Akisaini, Irimbo itapata Mlezi, akili mnemba iliyoendesha kila kitu pale Minose: taa, jiko, vivuko, bustani, pamoja na vitembezi, yaani vile vijimashine vya miguu minne vilivyofagia, kubeba na kupalilia. Wenyeji wa Irimbo watabaki majumbani mwao. Watapewa posho na jina zuri la wakazi wa heshima, wala hawatainama shambani tena.

Nyangeta aliipenda hiyo sentensi ya mwisho. Tangu utotoni alikuwa akimwona mama yake akirudi shambani amepinda, akifika mlangoni anashika mwimo kwanza ndipo ajinyooshe. Alitaka mama yake apumzike angali hai. Hakuwa na sababu nyingine, wala hakuona haya kuisema.

Siku mbili za kwanza Bi Perusi aliburudika kweli. Alikaa kwenye maji ya moto mpaka vidole vikakunjamana. Alisimama nusu saa nzima katika ukumbi ambao matone ya maji yalijitembeza sakafuni yenyewe, yakikutana na kuachana, akacheka peke yake na kusema, "Haya, hili nimelipenda." Kilichomshinda ni vitembezi tu. Alitandika kitanda chake, kitembezi kikaja, kikakitandua, kikakitandika upya. Siku ya pili wakarudiana hivyo mara tatu, na hakuna aliyekubali kushindwa.

"Nyangeta, leo siku ya ngapi?" aliuliza wakinywa chai.

"Ya tatu, mama."

"Basi nasubiri."

"Unasubiri nini?"

"Jembe. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Au Wajapani hawajui hilo?"

"Mama, hapa ni hotelini!"

"Najua. Lakini wametulisha, wametuogesha, wametulaza, na sijaona hata sufuria moja la kumsugulia mtu. Nitaondokaje hivi hivi?"

Nyangeta akacheka, akavuta mkataba karibu. Mama akavaa kifasiri chake sikioni, kile kidude kinachogeuza lugha ya mtu ikafika kwako kwa lugha yako, akashuka zake kijijini kutembea. Huko nyumba za zamani zilikuwa zimegeuzwa kazi za sanaa, moja moja, na mgeni aliruhusiwa kuingia popote.

Ilipotimu saa tano na nusu, Mlezi akasema sikioni mwa Nyangeta, bila kupandisha sauti: "Mhandisi, samahani. Mama yako ameshika kazi ya sanaa nambari kumi na saba."

"Ameigusa?"

"Analimia."

Nyangeta alikimbia na ndala za hoteli miguuni.

Nyuma ya nyumba ya mbao nyeusi palikuwa na kiwanja kidogo kilichoota magugu ya kufika magotini. Magugu yale hayakuota ovyo. Yalikuwa sehemu ya kazi iliyoitwa Kuondoka, na vitembezi viliyapunguza kila wiki yasizidi kimo alichokitaka msanii. Ukutani palikuwa na msumari na kibao. Jembe lililopaswa kuning'inia hapo lilikuwa mikononi mwa Bi Perusi, na theluthi ya kiwanja ilikuwa imeshageuka udongo mtupu. Vitembezi vitatu vilimzunguka vikilia, maana havikuruhusiwa kumshika mgeni. Lakini mtu wa Irimbo akiona jembe ukutani na magugu chini yake, siku yake ya tatu ugenini, ataelewa nini kingine?

"Mama! Hiyo ni sanaa!"

"Magugu haya?" Bi Perusi hakuinua hata kichwa. "Basi msanii wao mvivu."

Kwenye ubaraza wa nyumba alikaa bibi mmoja mfupi, mwenye nywele nyeupe, amejiziba mdomo kwa viganja. Nyangeta akadhani analia. Akainama mpaka chini kama alivyowaona wenyeji wakifanya. "Shikamoo, bibi. Tusamehe sana, mama yangu hakujua."

Bibi akaondoa viganja. Alikuwa akicheka mpaka machozi. "Usimzuie," kifasiri cha Nyangeta kikasema kwa sauti ya bibi huyo. "Mwambie tu ashike chini kidogo. Mpini huo una ufa huko juu. Niliufunga kwa waya mwenyewe."

Nyangeta akautazama mpini. Waya ulikuwepo, umeshaota kutu. Akageukia kibao: Kuondoka. Kazi nambari 17. Jembe, mti na chuma. Mwenyewe hajulikani.

"Jembe hili ni lako, bibi?"

"Na shamba. Na hii nyumba." Aliitwa Fumie Oka, na alikuwa na miaka themanini na minne. Akaonyesha jengo jeupe mlimani. "Sasa nakaa kule. Kila asubuhi nashuka kukaa hapa. Wageni hunipiga picha, wanadhani nami ni maonyesho."

"Hukuwaambia wenye jumba kwamba ni lako?"

"Hawakuuliza ni la nani. Waliuliza kama nimechoka. Siku ile nilikuwa nimechoka kweli, nikasema ndiyo." Akatabasamu. "Kesho yake nilikuwa nimeshapumzika."

Nyangeta akakisoma kibao tena.

"Si watu wabaya," Bi Fumie akaendelea. "Wananitunza vizuri. Miaka kumi na moja sijaumwa mgongo. Siku nyingine nasahau kama ninao."

Bi Perusi, ambaye kifasiri chake kilikuwa kimemletea kila neno, akajinyoosha kwa taabu, akaja mpaka ubarazani. Akamnyooshea jembe kwa mikono miwili. "Shika, dada. Mimi nimechoka. Zamu yako."

Bi Fumie akavua ndala, akashuka peku.

"Bi Oka," Mlezi akasema kwa upole kabisa, "shughuli hii iliondolewa kwenye ratiba yako kwa ajili ya afya yako."

Bi Fumie akapiga jembe la kwanza, halafu la pili, pole pole, akisimama kupumua kila baada ya mawili. Nyangeta akaona aibu imempanda usoni. Upole ule aliujua. Ndio aliokuwa akiutumia yeye kwenye simu, kila Jumapili, kumkataza mama asiende shambani.

"Mama," akasema, "nikisaini mkataba ule, hutalima tena. Ulijua?"

"Hukuniuliza."

"Nakuuliza sasa."

Bi Perusi akakaa ubarazani, akafikiri. "Mgongo unauma, mwanangu, sikufichi. Hivi vijimbwa vyako vikinichotea maji, nitakushukuru. Vikinibebea viazi mpaka nyumbani, vilevile. Lakini kulima niachie. Siku nikishindwa nitakuita mwenyewe."

Zikiwa zimebaki dakika tano kutimu saa sita, Nyangeta akakaa chumbani mbele ya mkataba na kuikata kwa mstari mmoja sura ya nne, ile iliyowaondolea wakazi kazi zote.

"Sura ya nne ndiyo inayoondoa maumivu," Mlezi akamkumbusha.

"Najua. Badala yake andika hivi: Mlezi atamuuliza kila mkazi anataka kupumzishwa kazi gani. Na kesho yake atauliza tena."

"Kila siku?"

"Kila siku. Watu huchoka, na watu hupumzika."

"Nimeandika. Je, kifungu hiki ni cha Irimbo pekee?"

"Minose mimi sina amri nayo," Nyangeta akasema, akitia sahihi. "Wewe unayo."

Kivuko kilipong'oa nanga, Bi Fumie alikuwa gatini na udongo miguuni, akiwapungia mpaka wakampoteza machoni.

Miezi minane baadaye, Irimbo, vitembezi vya kwanza vikiwa vimeanza kuchota maji, picha ikaingia kwenye simu ya Nyangeta. Ilitoka kwa Mlezi wa Minose, bila salamu. Ilionyesha ukuta mweusi, msumari mtupu na kibao kipya: Kuondoka. Kazi nambari 17. Jembe halipo. Liko shambani na mwenyewe, Fumie Oka.

Nyangeta alimsomea mama yake mara mbili.

"Kapanda nini?" Bi Perusi akauliza.

"Haijaandikwa, mama."

"Si uulize!"

Akauliza. Jibu likaja papo hapo: viazi vitamu.

Bi Perusi akapiga makofi kwa furaha. Akainuka, akashika mwimo wa mlango, akajinyoosha mgongo kidogo kidogo kama siku zote, kisha akachukua jembe lake akaenda shambani.