Koti la Baba Lilifika Bila Baba

Mwanaume aliyekuwa amevaa koti la baba yangu hakuwa baba yangu.

Nilisimama mlangoni, sikuingia.

Koti nililijua. La kahawia, zito, vifungo vyake vyote vyeusi isipokuwa kile cha juu kabisa. Hicho kilikuwa chekundu. Mama alikishona mwaka aliofariki, kwa sababu dukani cheusi hakikupatikana.

Lakini uso uliokuwa juu ya koti lile... sikuwahi kuuona maishani mwangu!

"Ingia, Mbelwa!" Mzee Johana akajipiga kofi gotini kwa furaha. "Ingia usalimie baba yako. Amefika!"

Ndugu zangu, ngojeni kwanza niwaeleze nilifikaje pale.

Ilikuwa Februari 1977. Mimi ni mtu wa Lushoto, Tanzania. Nilitumwa Kericho kusomea kilimo cha chai, na wiki ile ndiyo nilikuwa namaliza. Kwa muda wote wa masomo, kila Ijumaa jioni, rafiki yangu Kiplangat alinichukua kwenda nyumbani kwao karibu na Litein. Nilikwenda na familia yake Londiani kuchimba viazi. Tulikwenda Fort Ternan kutazama tu garimoshi likipanda mlima, tukarudi tumechoka na kucheka.

Wazazi wake, Mzee Johana na Mama Kiplangat, hawakuniita mgeni tena.

Niliposema baba anakuja kuniona nikihitimu, Mama Kiplangat alichukua kibuyu, akakisugua ndani kwa mkaa kama desturi yao, akatia maziwa yagande, akaziba.

"Hii kibuyu ya mursik ni ya baba yako," akasema. "Mwingine hatafungua. Asipokuja, nitamwaga."

Nilimwandikia baba barua nikamweleza yote, hata njia ya kufika kwenye boma lile. Ijumaa aliyotarajiwa nilibaki mjini Kericho kumpokea. Mabasi yakaja, mabasi yakaondoka. Baba hakuteremka.

Jumamosi asubuhi redio ikatangaza: mpaka wa Kenya na Tanzania umefungwa!

Nilidandia lori la majani chai hadi Litein, moyo ukiwa mzito kama jiwe. Baba hatakuja tena.

Halafu pale langoni, Chepkorir, dada yake Kiplangat, akanijia mbio.

"Mbelwa! Baba yako yuko ndani, anakunywa maziwa!"

Nilikimbia kama mtoto mdogo...

Na sasa huyu hapa.

Akanitazama. Macho yake yalikuwa yananiomba kitu.

"Shikamoo," nikasema.

"Mzuri," akajibu.



Karibu na mlango alikaa jirani yao, Chepyegon, rungu likiwa mapajani. Usiku wa juzi ng'ombe wake waliibwa kule upande wa Sotik, wanakopakana na Wakisii, na kila mtu alikuwa akisema wezi ni hao Wakisii. Vijana walikuwa wakizunguka kuwasaka tangu jana, hasira ziko juu.

"Eh!" Chepyegon akacheka, lakini si kicheko cha furaha. "Baba wa Mtanzania hajui kujibu shikamoo?"

"Mwache mzee, amechoka na safari," Mama Kiplangat akasema.

Nikamsogelea yule mtu. Nilitaka kumjaribu.

"Baba, Mama hajambo?"

Akashika kile kifungo chekundu kwa vidole viwili.

"Aliyeshona hii," akasema polepole, "hawezi kutuma salamu tena."

Jamani! Alijuaje? Baba alimwambia kwa hiari... ama alilazimishwa? Nikamwona baba amelala mtaroni, hana koti, hana mtu.

"Mzee, hebu ongea tena kidogo," Chepyegon akasema.

"Niseme nini?"

"Mmesikia? Mbelwa anaongea kama redio, baba yake anaongea kama soko la Kisii! Huyu ni Mkisii!"

Akasimama, rungu mkononi. Kiplangat naye akasimama.

"Ng'ombe wangu wako wapi?"

"Sijui ng'ombe mimi..."

"Wako wapi?"

"Ngojeni!" Mzee Johana akainua mkono. Akanigeukia. Kicheko kilikuwa kimemtoka usoni. "Mbelwa. Wewe ni mtoto wa hapa. Huyu ni baba yako ama siyo?"

Msomaji wangu, ungesema nini?

Nikisema ndiyo, nimewadanganya watu walionilisha kwa moyo wao, na pengine nimemficha aliyemdhuru baba. Nikisema siyo, huyu mtu atapigwa mbele yangu.

"Siyo," nikasema. "Lakini koti ni la baba. Nawaomba, asiguswe mpaka aniambie baba yuko wapi!"

Rungu likapanda juu!

"Chepyegon!"

Alikuwa Mama Kiplangat. Alisimama katikati, kile kibuyu kitupu amekikumbatia.

"Huyu amekunywa maziwa yangu. Ukimpiga, umenipiga mimi."

"Mama, amekudanganya! Amekunywa ya mwenyewe!"

"Nilimuuliza jina? Hapa mgeni haulizwi kitu kabla hajanywa, na wewe unajua. Ni sisi tulimwita Baba Mbelwa hata kabla hajafungua mdomo. Keti chini!"

Chepyegon alipumua kwa nguvu. Akaketi.

"Sasa amekunywa," Mzee Johana akasema. "Sasa tunaweza kuuliza. Wewe ni nani?"

Yule mtu akajifuta jasho.

"Mimi naitwa Ogari. Kweli, mimi ni Mkisii. Nimekuwa Tanga, nikikata mkonge. Jana nikafika Namanga, nikakuta mpaka unafungwa. Wakenya tukaambiwa tupite kwa miguu, haraka. Watanzania wakarudishwa."

Akanitazama.

"Baba yako alikuwa nyuma yangu kwenye foleni. Ni mzima, kijana. Hana jeraha. Alilia tu."

Nikaketi chini, miguuni pake.

"Akanishika mkono," Ogari akaendelea. "Akasema, 'Wewe unapita Litein. Huko kuna mama ameniwekea maziwa kwa jina langu. Nenda uninywie, asije akamwaga. Na umpelekee mwanangu koti.' Akanieleza boma, akanieleza na kifungo. Akavua koti pale pale."

"Kwa nini hukusema ulipoingia?" Kiplangat akauliza.

"Nikiwa mlangoni nikasikia mkiongea juu ya ng'ombe na Wakisii." Akamtupia Chepyegon jicho. "Nikaona huyu na mti wake. Nikafunga mdomo."

Mama Kiplangat akaanza kucheka huku machozi yanamtoka. Hata Chepyegon alitazama rungu lake kama amepewa na mtu mwingine.

Ghafla Chepkorir akaingia anahema.

"Basi ya Kisii iko barabarani! Ndiyo ya mwisho, inapakia!"

Ogari aliruka kama ameungua. Akaanza kuvua koti.

"Pole pole, mzee," Mama Kiplangat akasema. "Lala hapa, utaenda kesho."

"Kesho nitachelewa, mama. Kesho asubuhi binti yangu anaolewa. Bochaberi. Sina mwingine. Ni mimi wa kumshika mkono kumwingiza kanisani."



"Mzee Ogari..." nikasema. "Ulikuwa kwenye basi, unaelekea harusini kwa binti yako... halafu ukashuka Litein?"

"Nilimpa baba yako neno langu."

"Sasa nenda! Kimbia!"

"Bado kitu kimoja. Vaa."

Akanivisha koti. Bado lilikuwa na joto lake. Akainama, akaanza kufunga kifungo cha chini kabisa. Vidole vyake vilikuwa vimekakamaa kwa mkonge, havikunjiki vizuri.

Honi ikalia barabarani.

"Nitafunga mwenyewe, mzee! Nenda!"

"Hapana. Baba yako alisema ulipokuwa ukienda shule alikufunga yeye, kutoka chini mpaka juu, kwa ajili ya baridi. Akaniuliza, 'Utamfunga?' Nikasema nitamfunga."

Chepyegon alitupa rungu, akatoka mbio.

"Ngoja!" tukamsikia akipiga kelele kuelekea barabarani. "Dereva, ngoja! Kuna mzee!"

Kifungo cha pili. Kikateleza. Akarudia.

Honi tena.

Cha tatu.

Injini ikanguruma. Sauti ya Chepyegon ikawa ndogo, kisha injini nayo ikapanda kile kilima, ikafifia, ikaisha kabisa.

Mikono ya Ogari ilisimama kidogo juu ya kifua changu. Alikuwa amesikia. Sote tulisikia.

Ndugu zangu, siku hizo nilikuwa kijana mwenye cheti kinachokuja, nikidhani dunia itatengenezwa na waliosoma na walio na mihuri. Waliofunga mpaka ule walikuwa wamesoma. Aliyeupita akiwa amembeba baba yangu mabegani alikuwa mkata mkonge. Ukipewa neno na mtu wa hivyo, usimdharau. Na ukiombwa neno dogo na mtu anayelia, fikiri kabla ya kusema ndiyo, kisha ukisema, litimize.

Ogari hakugeuka kutazama barabara. Alishika kile kifungo chekundu, akakipitisha tunduni taratibu, akakipapasa kuhakikisha kimekaa.

"Haya," akasema. "Sasa baba yako amefika."